Kipimo Mkononi mwa Karani

Mzee alinikuta nikifungua kufuli ya ofisi. Ilikuwa Julai 2011, asubuhi ya ukungu upande wa Molo, ukungu ule wa kumsikia ng'ombe kabla hujamwona. Alivaa koti zito na gambuti zenye tope la zizini, na mkononi alishika simu ndogo ya vitufe kwa uangalifu kama mtu aliyebeba yai. Tulisalimiana, akaniuliza habari za nyumbani, kisha akasema: "Kijana, simu yangu imejaa jina langu."

Akanipa nitazame. Ujumbe wa kwanza ulitaja jina lake, lita zake za mwezi Juni, makato ya chakula cha ng'ombe na salio lake. Wa pili ulisema hayo hayo. Wa tatu pia. Nilibonyeza kushuka na kushuka, na kila nilipotua nilikuta jina lile lile, lita zile zile, salio lile lile hadi shilingi ya mwisho.

Usiku uliotangulia nilikuwa nimeiamuru kompyuta ya chama itume jumbe 214, mmoja kwa kila mkulima aliyeleta maziwa mwezi ule. Zilitumwa zote 214. Zote zilikwenda kwake.

Nilikuwa nimeajiriwa na chama cha ushirika cha wafugaji, kwa mkataba, niandike programu ya malipo. Kabla yangu hesabu zilikaa katika vitabu vikubwa vyenye mistari, vilivyojazwa kwa mkono wa karani mmoja kwa miaka mingi, na ukiona jinsi alivyopanga zile safu utajua kwamba heshima kwa pesa za watu haikuletwa na kompyuta. Mkulima huleta maziwa kila siku, hulipwa mwisho wa mwezi. Katikati hukatwa chakula cha ng'ombe alichochukua kwa deni, chumvi, daktari wa mifugo, mbegu ya kupandisha, hisa, mkopo. Kila kato lina kanuni yake, na kanuni hizo hazitungwi na mwandishi wa programu. Hutungwa na kamati, hupigiwa kura katika mkutano, na hubadilika mvua ikikosekana au bei ya chakula cha ng'ombe ikipanda.

Programu yangu ya kwanza, niliyoiandika kwa lugha ya C#, ilikuwa na methodi saba, yaani vipande vya maagizo vinavyoitwa kwa jina, zilizofanana kama ndugu wa tumbo moja. Moja ilipita katika orodha ya wakulima kutoka wa kwanza hadi wa mwisho ikitafuta waliopeleka zaidi ya lita 300. Nyingine ilipita katika orodha hiyo hiyo ikitafuta wenye mkopo. Nyingine wenye hisa pungufu. Kutembea kulikuwa kumoja, kilichobadilika ni swali lililoulizwa njiani. Mimi sikuona hivyo. Niliona kazi saba, nikaandika mara saba.

Kamati ilipobadilisha namna ya kuhesabu siku za mwezi, nilirekebisha methodi sita nikaisahau ya saba. Mama mmoja mjane akakatwa chakula cha ng'ombe mara mbili. Fedha zake zilirudishwa mwezi uliofuata, lakini mwezi ni mrefu kwa mtu anayenunua unga kwa pesa ya maziwa. Alikuja ofisini akaketi kwenye benchi bila kupandisha sauti, akingoja nimweleze. Sikuwa na maelezo yanayomfaa.

Meneja aliniambia nikiandika hesabu za maziwa bila kuona maziwa nitaendelea kukosea. Basi alfajiri moja nikapanda lori la kukusanyia, tukashuka hadi kituo cha njia panda kabla jua halijatoka. Foleni ilikuwa tayari: wanawake wenye mitungi, watoto waliotumwa kabla ya shule, mzee mwenye punda. Karani wa maziwa alisimama na kipimo chake cha kioo, kile kinachoelea. Mililita moja ya maziwa safi ina uzito wa gramu 1.028 hadi 1.034 hivi, mtu akiongeza maji maziwa huwa mepesi na kipimo huzama zaidi. Karani alikuwa akikoroga, ananusa, anatumbukiza kipimo, anasoma, anapokea au anakataa, anaandika kwenye kadi. Kisha mwingine.

Nilipanda lori lile mara ya pili wiki iliyofuata. Siku hiyo meneja alikuwa amempa karani kipimo kingine, kwa sababu jana yake maziwa yalikuwa yameharibika ndani ya tangi la kupozea. Sasa alichanganya maziwa kidogo na spiriti kwa kiasi sawa, akatikisa, akatazama kama yameganda. Yakiganda, yanarudi nyumbani. Nilisimama pale nikitetemeka kwa baridi na ndipo nilipoona kilichokuwa mbele yangu tangu mwanzo. Foleni haikubadilika. Karani hakufundishwa upya namna ya kuita watu, kupokea mtungi, kuandika kadi. Alipewa tu kipimo kingine mkononi, na yeyote aliyempa kipimo hicho hakuhitaji kusimama foleni nzima mwenyewe.

Watu wengi hudhani kwamba unachoweza kuipa methodi ni namba, au jina, au orodha: vitu vilivyotulia. Kumbe unaweza kuipa kitendo. Unaiambia: wewe unajua kutembea katika orodha, tembea, na kila ukimfikia mkulima mmoja mpime kwa hiki nilichokupa. Methodi haijui kipimo kinapima nini na haina haja ya kujua. Kipimo nacho hakijui foleni ina watu wangapi.

C# ilipotolewa mwaka 2002, kundi la wahandisi wa Microsoft lililoongozwa na Anders Hejlsberg liliweka ndani yake kitu kwa ajili ya jambo hili, wakakiita kwa neno ambalo kwa Kiswahili cha ushirika ni mjumbe. Katika maandishi ya ufundi nitaliita delegeti, kwa sababu mjumbe wa kwetu anaweza kufika kwenye mkutano akabadili mawazo, na delegeti haibadili. Delegeti ni tangazo la umbo. Husema: hapa nitapokea kitendo chochote kinachochukua mkulima mmoja na kurudisha jibu la ndiyo au siyo. Ukileta kitendo kinachochukua mkulima na kurudisha kiasi cha fedha, programu haitakubali hata kuanza, kama vile tundu la kipimo katika sanduku la karani lisivyopokea mizani. Kazi hiyo ya kukagua umbo mapema nimeipenda tangu siku ile. Imeniokoa mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka.

Nikarudi ofisini nikazifuta methodi saba. Ikabaki moja ya kutembea, na vipimo saba vidogo pembeni, kila kimoja mistari miwili au mitatu. Kamati ilipobadilisha tena hesabu ya siku, nilibadilisha mahali pamoja.

Lamda nilizifahamu baadaye kidogo, na kuna sababu ya kuchelewa huko. Ziliingia katika C# toleo la 3 mnamo Novemba 2007. Mwezi uliofuata ulikuwa wa uchaguzi mkuu wa Kenya, na vurugu zikafuata. Januari 2008 Nakuru, Molo na Naivasha zilikuwa zikiungua, na uwanja wa maonyesho wa Nakuru ulijaa mahema ya watu waliokimbia nyumba zao. Hakuna aliyekuwa akifuatilia matoleo mapya ya lugha za kompyuta. Nayataja haya kwa sababu yamo ndani ya hesabu nilizozikuta katika chama. Wapo wanachama ambao kadi zao ziliungua pamoja na nyumba, na waliporudi waliandikishwa upya kwa namba mpya, mwisho wa orodha, hata kama walikuwa miongoni mwa waanzilishi. Mzee wa simu alikuwa mmoja wao. Namba yake ya zamani ilikuwa na tarakimu mbili. Namba yake mpya ilikuwa ya mwisho kabisa.

Lamda yenyewe ni kitendo kisicho na jina. Neno linatoka kwa Alonzo Church, mwanahisabati wa Princeton, ambaye katika miaka ya 1930 alitumia herufi hiyo ya Kigiriki kuandikia fanksheni katika mantiki yake. John McCarthy akalichukua alipobuni lugha ya Lisp mwaka 1958, na kutoka hapo likasafiri hadi kwetu. Kabla ya lamda, kila kipimo kidogo kilidai jina na makazi yake. Ukitaka tu kujua nani amefikisha lita 30 kwa siku, ilibidi uandike methodi kamili mahali pengine, uipe jina refu, kisha uje uitaje. C# ya mwaka 2005 ilipunguza mzigo huo kidogo. Kwa lamda unaandika pale pale unapokihitaji:

m => m.Lita >= 30

Mshale ule usome hivi: ukinipa mkulima, nitamwita m, nitakujibu kama lita zake zimefika 30. Upande wa kushoto ni kinachopokelewa, upande wa kulia ni kinachorudishwa. Ni kama kibarua wa siku moja shambani. Humwandikii barua ya ajira, unamwambia, "Shika jembe, palilia mpaka pale kwenye mti," na jioni mnaachana.

Vijana ninaowafundisha Jumamosi mjini Nakuru wakishaonja lamda hutaka kuziandika kila mahali, na hapo huwa sikubaliani nao. Kanuni iliyopigiwa kura na watu ipewe jina. Kama mkutano wa wakulima umeamua kwamba aliyefiwa asikatwe mkopo kwa miezi miwili, kanuni hiyo isijifiche katikati ya mstari kama kibarua. Iitwe kwa jina ambalo katibu wa chama akiketi karibu nawe atalitambua kwenye skrini na kusema, "Hapo ndipo." Lamda niwekee kwa maswali ya kupita: panga kwa jina, chuja wa leo, jumlisha lita.

Vijana hao hao huelewa wazo lote haraka kuliko nilivyoelewa mimi, kwa sababu wamekulia ndani ya M-Pesa. Anayeunganisha duka lake na malipo hayo kupitia Daraja, mlango wa M-Pesa kwa waandishi wa programu, hutuma ombi la malipo na ndani yake huweka anwani ya kuitwa baadaye. Mteja anaona ombi kwenye simu yake, anaweka namba ya siri au anakataa, na ndipo matokeo yanaletwa kwenye anwani ile. Duka halisimami mlangoni likingoja. Limeacha neno: mkimaliza, niiteni hapa. Nikiwaambia kwamba methodi inayopokea lamda ndivyo inavyofanya, huniangalia kama kwamba nimechelewa kuwaambia.

Lakini kuacha neno nyuma kuna hatari yake, na hatari hiyo ndiyo iliyomleta mzee asubuhi ile.

Kamati iliamua kila mkulima apate salio lake kwa simu ili wazee wasisafiri hadi ofisini kuuliza tu. Lilikuwa wazo zuri. Nilichomeka modemu kwenye kompyuta na kuandika kitanzi kinachopita katika orodha. Mtandao ulikuwa mzito mchana, kwa hiyo sikutuma papo hapo. Kwa kila mkulima nilitengeneza lamda ya kutuma, nikaiweka kwenye orodha ya kazi za usiku:

() => Tuma(mkulima)

Mabano yale matupu yanasema kitendo hiki hakipewi kitu. Basi kinamjuaje mkulima? Kinamjua kwa sababu lamda huruhusiwa kushika vitu vilivyokuwapo mahali ilipozaliwa. Nguvu yake kubwa ipo hapo, kwani inaondoka na mazingira yake. Nilidhani kila lamda imeondoka na mkulima wake, kama mtoto aliyetumwa na noti mkononi. Sivyo. Katika C# ya wakati ule, kisanduku chenye jina "mkulima" kilikuwa kimoja tu kwa kitanzi chote, na kila mzunguko uliweka mtu mpya ndani yake. Lamda zote 214 zilishika kisanduku kile kile. Hazikushika kilichokuwa ndani.

Huwaeleza wanafunzi hivi. Nimepita katika foleni nikimshika kila mtu mkono kwa zamu, na kwa kila mmoja nimemwambia mtoto: "Usiku ukiingia, mpelekee barua huyu niliyemshika mkono." Watoto 214 wote wameitikia. Usiku umeingia, wanainuka pamoja, wananitazama. Ninayemshika mkono ni mmoja, wa mwisho. Barua zote zinakwenda kwake, na hakuna mtoto aliyekosea.

Dawa yake ni mstari mmoja. Ndani ya kitanzi unatengeneza kisanduku kipya kila mzunguko, var huyu = mkulima, na lamda inashika hicho. Watunzaji wa C# waliona kosa hili likirudiwa na watu wengi mno, na katika toleo la 5, mwaka 2012, wakabadilisha lugha yenyewe ili kitanzi cha foreach, aina niliyotumia mimi, kiwe na kisanduku kipya kila mara. Wabunifu wa lugha huogopa sana kubadilisha maana ya msimbo uliokwisha kuandikwa, kwa hiyo uamuzi ule haukuwa mdogo. Kitanzi cha for waliacha kilivyokuwa, na bado kinawanasa watu. Java ilipopokea lamda mwaka 2014 ilichagua njia ya ukali zaidi: inakataa kabisa lamda ishike kisanduku ambacho yaliyomo hubadilika. Nilipokuwa kijana ningeiona sheria hiyo inabana. Siku hizi naitetea.

Asubuhi ile sikuyajua yote haya. Nilijua tu kwamba watu 213 hawakupata salio lao, na kwamba baadhi walikuwa tayari njiani kuja kuuliza, jambo ambalo mpango mzima ulikusudiwa kuwaepushia. Nilimwomba mzee msamaha. Akaniambia hakuja kwa ajili ya msamaha. Binti yake alipanda basi la usiku kwenda Mombasa kuanza kazi, na aliahidi kumwandikia akifika. Simu ilikuwa inasema nafasi imejaa.

Tukaketi kwenye benchi, mimi na yeye, tukaanza kufuta. Simu zile hazikuwa na njia ya haraka aliyoijua yeyote kati yetu: unafungua, unachagua, unathibitisha. Kila tulipofuta nafasi ikapatikana, simu ilitetemeka ikapokea mwingine, na mwingine ulikuwa wangu, jina lake, lita zake, salio lake. Jumbe zilikuwa zimesubiri mtandaoni usiku kucha. Mzee hakulalamika. Karibu na ujumbe wa hamsini alianza kuisoma hesabu kwa sauti, akaniuliza kwa nini makato ya chakula yalikuwa ya mifuko mitatu na yeye alichukua miwili. Nilifungua kitabu cha stoo. Alikuwa na haki, mfuko wa tatu ulikuwa wa jirani yake mwenye jina la ukoo kama lake. Nikaandika pembeni.

Saa nne na nusu simu ilitetemeka na jina halikuwa lake. Aliichukua mkononi mwangu kabla sijamaliza kuinua macho. Alisoma polepole, midomo ikitembea. "Amefika," akasema. Akaitia simu kwenye mfuko wa ndani wa koti, akaufunga kwa kifungo, kisha akanigeukia. "Na wale wengine?"

Hakusema zaidi. Akaketi pale pale benchini na wale waliokuwa wameanza kufika: yule mama mjane, vijana wawili wa boda boda waliotumwa na wazazi wao, karani wa maziwa aliyerudi na lori. Nikaingia ndani. Sikujua jina la kosa langu bado, kwa hiyo nilifanya nililoweza: nilizisoma kazi za usiku moja moja, nikaona zote zinamtaja mtu mmoja, nikafuata kamba hiyo nyuma hadi kwenye kitanzi. Ilinichukua zaidi ya saa mbili. Nikaongeza ule mstari mmoja. Safari hii kabla ya kutuma nilichapisha orodha kwenye karatasi, nikampa karani aliyewajua wakulima wote kwa sura, akapita na kalamu kutoka juu hadi chini akiweka alama.

Saa nane mchana nikabonyeza. Modemu ikaanza kuwaka na kuzima taa yake ya kijani. Kupitia dirishani nikasikia simu ya mama mjane ikilia, naye akaitoa ndani ya kitambaa. Muda si mrefu ikalia ya karani. Kisha ya mtu mwingine upande wa lango, na nyingine mbali kidogo, barabarani. Mzee alikaa ameiweka simu yake gotini, akingoja zamu yake, kwa kuwa namba yake ilikuwa ya mwisho.